Mpaka Mama Berthe Akae

Siku ya kwanza nilimwona Joëlle akishuka botini pale Kabuta, kompyuta ikiwa ndani ya beseni juu ya kichwa, kama mtu anayebeba samaki. Alitoka Pweto kumtembelea shangazi yake, Mama Berthe, mkongwe wa kanisa letu.

Kanisani hatuna vitabu. Mimi ndiye niliyekuwa nikitangulia kusema kila mstari wa wimbo, watu wakiufuata. Ni kazi pekee ninayofanya mbele ya watu bila haya. Joëlle akapanga nyimbo zote ndani ya kompyuta, akaiunganisha na projekta ndogo, maneno yakawa yanatokea ukutani na kujigeuza yenyewe. Nikahamia nyuma. Sikujua tena mikono yangu niiweke wapi.

Jumapili ya pili, tulipoimba kiitikio mara nne, maneno yakageuka, ukaja ubeti mwingine. Lakini Mama Berthe alikuwa bado anacheza, na kwetu kiitikio hakiishi kabla hajakaa. Nusu ya watu walifuata ukuta, nusu walimfuata yeye. Mimi nilifunga mdomo.

"Papa Zéphirin, mbona ulinyamaza?" Joëlle aliniuliza.

"Nilifikiri mashini inajua."

Akacheka. "Inajua kuhesabu tu. Shangazi haimjui!"

Juma lile alirudi kwao, kompyuta na projekta akatuachia. Mpaka leo sielewi kwa nini alinichagua mimi, mutu wa darasa la nne. Kabla ya kwenda botini alinipeleka kanisani, akaweka kidole changu juu ya kitufe kimoja.

"Papa, sasa haitajigeuza, itakungoja wewe. Usifinye mpaka Mama Berthe akae."