Kitenge cha Njano cha Mama Rubani

Juzi nilifua nikaanika. Mambo ya kawaida kabisa, ndugu yangu: mashuka, nguo za watoto, na kitenge kipya cha njano nilichonunua soko la Rumonge kwa sababu tu kilinipendeza. Hata sijamaliza kubana nguo kwenye kamba, jirani yangu akatoka nje akipapasa ukuta. Ni mzee sasa, macho yake yamebakiza rangi kali tu na vivuli. Akasema, "Mwanangu, ile njano, uondoshe." Hakugomba. Alisema taratibu, vile mtu anavyokuambia kuna nyoka karibu na mguu wako. Nikakiondosha mbio mbio nikakitandaza ndani juu ya kiti, mtu mzima mimi. Huyo jirani, zamani, pwani nzima ya Magara ilimwita Mama Rubani.

Wewe ambaye hukukulia hapa Burundi, kando ya ziwa, ngoja nikueleze. Asubuhi zetu zilianza na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Boti zilirudi toka ziwani na taa zake zimezimwa, wanaume wamechoka hawataki kusemeshwa, na wanawake wanangoja na beseni. Kabla ya kuanika lazima ufagie mchanga mpaka uwe laini, na hapo bibi yangu hakuwa na mchezo. Akiona kijiti kimoja ananiita toka mbali. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku na kunguru, na katika kufukuza nikajilia ndagala zilizokauka nusu, zile za chumvi chumvi, tamu kuliko chochote nilichokula baadaye kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Wanawake wa milimani waliteremka na mihogo na ndizi, wakapanda na ndagala. Mchana tulikula ugali wa muhogo na lengalenga, yaani mchicha, lililoungwa na mawese mapya, mpaka vidole vinabaki vyekundu.

Mama Rubani alianika pembeni mwetu. Binti yake wa kwanza alikuwa na akili za ajabu shuleni, jeshi likamchukua, likampeleka ng'ambo, akarudi anaendesha kajugujugu, ndivyo tunavyoita helikopta huku. Hebu fikiria! Kwetu mwanamke hakanyagi boti ya uvuvi, wanasema samaki watakimbia. Huyo akapewa ndege. Wavuvi walitafuna hilo neno mwaka mzima, halikumezeka.

Siku ya kuaga kwenda kazini Bujumbura, binti alimwambia mama yake, nami nilikuwepo, nimekaa juu ya ndoo: "Mama, ile kitenge yako ya njano, uianike pale muchangani. Nikiiona nitakuzunguka." Basi. Tangu hapo Mama Rubani akawa anaacha uwanja mtupu katikati ya ndagala zake, anaufagia kama wa kanisani, anatandaza kitenge na kukiwekea mawe pembeni. Na binti hakuwa mwongo. Kajugujugu ilikuja toka upande wa Bujumbura ikifuata ufuo, ikainama, ikamzunguka mama yake mara moja, ikaenda zake. Mchanga uliruka wote ukaingia kwenye ndagala. Wanawake walipiga vigelegele na kulalamika kwa pamoja. Bibi alikuwa anapiga kelele, "Mwambie mutoto yako, leo tutakula muchanga!" na Mama Rubani anacheka mpaka anashika mbavu, anapunga mikono yote miwili.

Ningependa kuishia hapo, kusema kweli.

Vita vilipokuja, usiniulize nani alianza wala upande gani ulikuwa na haki. Nilikuwa mtoto, na hata sasa wakubwa wakianza hiyo hadithi nanyanyuka. Nitakuambia nilichokiona. Kwanza wanawake wa milimani waliacha kuteremka. Mihogo ikapotea, tukala ndagala kwa ndagala. Kisha moshi. Kajugujugu ikawa inapita bila kuinama, inapotelea nyuma ya milima, tunasikia milio inayotetemesha mabati, halafu inarudi kwa upande wa ziwa. Mbwa walijificha chini ya vitanda kabla sisi hatujasikia kitu. Bibi akiwaona mbwa wanaingia, ananivuta mkono.

Wakati wa kurudi ndipo ilipozunguka. Siku nyingine ilizunguka, siku nyingine ilipita moja kwa moja, kwa sababu marubani walikuwa wengi. Ikizunguka, watu wa pwani walishusha pumzi: wanatujua, hawatatupiga. Wale wale waliolalamikia mchanga sasa walikilinda kile kitenge. Bibi alikuwa anapita mapema kwa jirani yake, hata salamu haijaisha: "Amahoro. Umeanika?"

Na Mama Rubani alianika. Lakini hakupunga tena mkono. Mimi nilikuwa karibu na kuku wangu, nilimsikia akisema chini chini, "Ipite. Ipite tu." Nikamshangaa, maana sisi wote tulikuwa tunaomba izunguke. Ilinichukua muda kuelewa. Ikizunguka, ni mwanawe, na mwanawe anatoka kule kwenye moshi. Ikipita, ni mtoto wa mtu mwingine. Basi ilipopita alifurahi, nikaona kabisa uso unafunguka, na ndagala hazijageuzwa upande wa pili ameshaanza kuhangaika: mbona leo hakuja? Yuko hai kweli? Izunguke, ipite, kwake ilikuwa kisu. Alikonda mbele ya macho yetu, na tuliendelea kumwambia aanike.

Asubuhi moja moshi ulitoka kwenye mlima ulio juu yetu kabisa. Kule aliishi mama mukubwa, dada yake Mama Rubani, yule aliyekuwa akituletea mihogo. Ndiye aliyembeba yule rubani mgongoni miezi yote mama yake alipokuwa mgonjwa. Kutoka mchangani uliweza kuona migomba yake. Siku hiyo migomba haikuonekana.

Mama Rubani alitazama huko juu muda mrefu. Kisha akasukuma mawe kwa mguu, akakunja kitenge, akakikalia.

"Weye! Anika!" bibi akamkemea. "Unataka tufe?"

"Sitaki kujua."

"Kujua nini?"

"Asipoiona kitenge atapita. Akipita, si yeye. Muniache niseme si yeye."

Bibi alishika pindo akavuta. Nikawaona watu wawili walioazimana chumvi maisha yao yote wanang'ang'aniana nguo mchangani, wanalia wote wawili. Sijawahi kuogopa kitu kama hicho. Halafu sauti ikaja, watu wakakimbilia kwenye michikichi, na bibi akaniangusha chini nyuma ya boti akanilalia.

Kajugujugu ilitokea nyuma ya mlima, ikaingia ziwani, ikafuata ufuo. Ikatupita. Chini ya kwapa la bibi nilimwona Mama Rubani akifungua viganja vyake kushukuru.

Ikapunguza mwendo. Ikarudi.

Zamani mzunguko mmoja ulitosha. Siku hiyo ilizunguka na kuzunguka, chini, chini zaidi, ndagala zote zinaruka, inatafuta ile njano isiyoiona. Mtoto alikuwa anamtafuta mama yake. Mama Rubani hakuinua kichwa. Alikikandamiza kitenge chini yake kwa mikono miwili, mchanga unampiga usoni, mpaka kajugujugu ikachoka ikaenda Bujumbura. Hakuna aliyepiga vigelegele. Tulikuwa wazima sote, na bibi akaanza kuokota ndagala mojamoja.

Mama mukubwa hakuteremka tena. Na baada ya siku hiyo kajugujugu zilipita nyingi, hakuna hata moja iliyozunguka. Hakuna mtu wa jeshi aliyekuja kumwambia mama lolote. Wengine walisema binti alianguka ziwani, wengine walisema alikimbilia ng'ambo, ana mume na watoto na hataki kusikia habari za Burundi. Sisi tukavuka kwenda Tanzania, bibi akafia huko akiwa bado anauliza kama mchanga umefagiliwa.

Nimerudi, na mchanga wenyewe haupo. Ziwa limepanda limeumeza, na uwanja wa Mama Rubani uko chini ya maji, watoto wanaogelea juu yake. Ndagala siku hizi zinaanikwa kwenye vichanja vya wavu, safi, hazina hata chembe ya mchanga, na mimi, utanicheka, nazikuta hazina ladha. Wanawake wa milimani wanateremka tena na mihogo, ila sijui sura hata moja. Jina la Mama Rubani nalo limekufa. Vijana wanamwita Bibi tu, na hawajui kwa nini hawezi kuvumilia rangi ya njano.

Jana kajugujugu ilipita. Labda ni wakubwa walikuwa wanaenda kuangalia nyumba zilizofurikwa, sijui. Watoto wangu walitoka mbio wakipunga mikono na kupiga kelele. Jirani yangu mzee alikuwa amekaa nami nje tunachambua maharage, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Imezunguka?"

"Hapana, mama. Imepita moja kwa moja."

"Ee Mungu, murakoze," akashukuru. Akainua uso, anasikiliza mpaka sauti ikaanza kupotelea upande wa Rumonge. Mkono wangu hakuuachia.

"Angalia tena," akasema.