Mti wa Mshazari Sebuleni

Mwanangu, kuna siku moja huikumbuka kila nisikiapo msumeno. Nilikuwa ughaibuni, DeSoto, kusini mwa Dallas, nikijengea watu nyumba za mbao. Shule niliiacha darasa la nne, lakini mikono hii imenilisha, na sioni haya kusema.

Nyumba yetu kule nyumbani, Molo, ilikuwa ya kizamani. Baba aliinunua kwa mzungu mkulima aliyekuwa akirudi kwao. Nguzo za mtarakwa, maungio ya vigingi vya mti, msumari hakuna, na paa refu la nyasi limeshuka hadi karibu na madirisha. Sebuleni palikuwa na mti wa mshazari, kutoka nguzo ya kona hadi boriti ya juu. Ulinigonga kichwa utoto wangu wote. Nilipokaribia kuoa, nikampigia fundi simu: aukate kesho yake, viti vipya vipate kupita. Mama, aliyelala humo peke yake, sikumwuliza. Nani angenifundisha mbao?

Kesho yake kazini ubao wa mshazari ulinizuia njia, nikaanza kuung'oa. Deo, Mkongo niliyefanya kazi naye, akanishika mkono.

"Wacha iyo, kaka. Upepo ikikuja, ukuta inalala. Ama unataka ikuwe blanketi yako?"

Wenzetu wakacheka. Mimi nikaukumbuka mti wa sebuleni kwetu. Nyasi zikilowa mvua ni mzigo wa lori, na Molo mvua haiji bila upepo.

Chakula cha mchana nilikiacha, nikaendesha gari kwenda kununua kadi ya simu. Kwetu simu ilikuwa moja, dukani kwa jirani, ndiyo niliyomwitia fundi. Ikalia, ikakatika. Nikapiga tena, kimya. Kule jua lilikuwa limeshazama. Nikamwona Mama akilini, akifunga mlango, akijinyoosha chini ya paa lile. Mchana kutwa nyundo ilipiga vidole vyangu zaidi ya misumari.

Usiku wangu, asubuhi yao, jirani akaitikia. Kumngoja Mama avuke shamba la viazi, mwanangu, sitaki kukusimulia.

"Mama, nyumba iko?"

"Iko. Fundi wako alikuja na msumeno. Nikaweka kigoda, nikaegemea huo mti, nikamwambia aanze na mimi. Akaenda zake."



"Ulizaliwa humu," akaendelea, "na bado hukuona wa kuuliza? Viti vyako vitakaa nje. Mvua itavikaribisha."

Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Sasa nakuona na wewe, simu mkononi, ukituma amri nyumbani kama chifu. Mwanangu, kabla hujaagiza kitu kikatwe, muulize anayelala chini yake. Usubiri jibu lake, hata likichelewa, hata likikuuma.

Mungu akupe paa lisilovuja. Na siku utakayokosea, akupe mtu wa kukalia kigoda mbele ya msumeno wako.