Majivu ya Zilpah

Mie klabu ya Stechbrook Athletic siipendi, na sifichi. Mume wangu Maulid kaitumikia tangu mtoto wetu Rehana hajazaliwa, na sasa Rehana yuko chuo kikuu. Angeoa mke wa pili ningejua pa kumshika. Lakini huyu mke mwenza wangu ni uwanja wa mpira wenye mabati ya kutu, hapa hapa mashariki ya Birmingham, na mume wangu ndiye mtunza nyasi wake.

Historia yao watakusimulia hata kama hukuwauliza. Klabu ilianzishwa na mafundi wa kiwanda cha betri, ikapanda madaraja, ikafika nusu fainali ya kombe kabla mie sijazaliwa. Picha ya nusu fainali hiyo iko kila ukuta, mpaka chooni. Na walifungwa! Watu wanaotundika picha ya siku waliyofungwa, wewe utawatarajia nini? Baada ya hapo ni kushuka daraja, kufilisika, kuuzwa, kushuka tena. Kila tajiri mpya huja na skafu shingoni, akapigwa picha, akaondoka na kitu. Mmoja kaondoka na uwanja wa mazoezi. Huyu wa sasa kauza mpaka kile kipande cha ardhi nyuma ya goli, wajenge fleti. La kuvunda halina ubani, lakini mtu wangu kila asubuhi yuko kule na reki yake.

Maulid ni mtu wa Makunduchi, Unguja. Alikulia kucheza mpira mchangani, pekupeku, na nadhani ndio maana nyasi zilimtia wazimu. Alichukuliwa kibarua cha kubeba viti, siku moja wakamwachia mashine ya kukatia nyasi, basi tena. Mvua, theluji, Idi, yeye kapiga magoti anapapasa nyasi kama anayetafuta hereni. Siku niliyojifungua Rehana alikuja hospitali na matope mpaka kwenye kofia yake ya viua. Sijamsamehe.

Sasa sikiliza. Mashabiki wa hapa wana desturi yao. Mtu akifa akachomwa, jamaa zake huleta majivu uwanjani yamwagwe mbele ya goli, kwa kuwa marehemu ndivyo alivyousia. Klabu haikuwaruhusu kuingia ndani. Wakikabidhi kasha mlangoni, na kazi ya kumwaga ikawa ya mtunza nyasi. Mara ya kwanza Maulid alirudi nyumbani akasukuma sahani.

"Mama Rehana," akanambia, "wanataka nimwage mtu pale, halafu watu wenye njumu wamkanyage."

Sisi tumelelewa kwamba kaburi halikanyagwi. Mtoto akikimbia makaburini kwetu, hachapwi na mamake peke yake, anachapwa na mtaa mzima. Lakini nikamjibu, "Hao ni wao na mila zao. Wewe mwaga, ule ulale." Akala, akalala. Nikadhani kamwaga.

Kati ya hao marehemu alikuwemo jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, Zilpah, mke wa mzee Yarrow. Tulipohamia mtaa huu wa Hodge Hill, Zilpah ndiye wa kwanza kutugongea mlango, na pai mkononi. Pai ya nguruwe, masikini, na wema wake wote! Alikuwa akiuza chai uwanjani miaka na miaka. Alipofariki, Yarrow alibadilisha kiti chake akaenda kukaa nyuma ya goli, na kabla ya kila mechi akiinua kikombe cha chai kuelekea pale kwenye nyasi, anamsalimia mkewe. Mtu mkavu yule, salamu yetu anaijibu kwa kidevu. Lakini kikombe kile akikiinua kwa adabu.

Haya. Mwaka huu timu iko mkiani, na tajiri akatangaza kwamba baada ya mechi ya mwisho katapila litachimba uwanja wote, zitandikwe nyasi za bandia, na ile ardhi ya nyuma itachimbwa pamoja. Mashabiki wakaja juu: na wafu wetu je? Wakaambiwa mwenye mtu wake aje achote udongo wa golini, siku moja tu. Yarrow akaenda na kopo la biskuti. Maulid mwenyewe ndiye aliyemchotea.

Jioni ile akasukuma sahani tena. Nikajua pana jambo.

"Hayumo," akasema.

"Nani hayumo?"

"Zilpah. Hayumo golini. Hakuna hata mmoja aliyemo."

Akanieleza, macho kwenye kitambaa cha meza. Hakumwaga hata mara moja. Kila kasha alilopewa alilifungua, akayatia majivu katika kitambaa cheupe cha bafta, kile cha sanda, akayafunga, akaandika jina, akayafukia ukutani nyuma ya goli, mahali asipopita mtu. Kawapanga safu, kila mmoja na kishimo chake, upande wa kibla. Dua hakuwasomea, mipaka yake anaijua. Lakini kawafukia kama watu wanavyofukiwa.

Nilipandwa na hasira mpaka nikasimama. Kwanza bafta ni yangu, nimeitafuta miaka! Pili, "Maulid, watu wamekupa amana, wewe umeigeuza unavyoona wewe? Nani kakuambia Zilpah ataka bafta?"

"Niliwastahi," akasema.

"Uliwadanganya!"

Rehana alikuwa ngazini anasikiliza. "Baba, that's actually mad," akasema, akarudi chumbani kwake.

Maulid akataka tunyamaze. Mzee kapata kopo lake, moyo wake umetulia, ya nini kumuumiza? Nikamuuliza, na katapila likifika ukutani? Zilpah atatupwa jalalani pamoja na vifusi, na mumewe amekumbatia kopo la udongo mtupu! "Mficha uchi hazai," nikamwambia. "Vaa koti."

Tukavuka barabara. Yarrow alisikiliza mlangoni bila kutukaribisha. Maulid alipomaliza, mzee aliingia ndani, akatoka na lile kopo, akalimwaga lote miguuni mwa mume wangu.

"Nimekuwa nikisalimia nyasi," akasema. "Mbele ya watu wote. Nyasi." Akatufungia mlango.

Kulipokucha mtaa mzima unajua. Tukarushiwa mayai dirishani. Geti letu likaandikwa neno ambalo sitalitamka. Klabu ikamsimamisha Maulid kazi kwa simu, na uongozi ukapata pa kutupia lawama: ati timu inafungwa tangu mtu huyu aanze kuzika vitu nyuma ya goli! Timu iliyokuwa ikifungwa kabla Maulid hajajua Birmingham iko wapi! Na wetu nao hawakukosa la kusema. Nilikwenda dukani kwa Azizi, mtu wa Dar, kule Balsall Heath, akacheka mpaka akashika meza. "Shemeji, kumbe kamati ya ufundi mnayo nyumbani!" Yaani mume wangu mchawi, anafukia hirizi golini. Nikaacha mihogo yake juu ya kaunta nikatoka. Nilimchukia yeye, nikawachukia Waingereza, nikaichukia klabu, na Maulid nikamchukia kidogo pia.

Asubuhi ya mechi ya mwisho, mvua inanyesha, mlango ukagongwa. Yarrow, na skafu yake. Hakuniamkia.

"Anionyeshe," akasema.

Nami nikafuata, maana sikumwamini mtu. Mlinzi wa geti alimtazama Maulid kama kinyesi, lakini Yarrow akampita bila neno, na sisi nyuma yake. Ukutani walikuwepo jamaa za marehemu wengine wanangoja. Hakuna aliyetusalimu. Maulid akapiga magoti kwenye matope akafukua kwa mikono, bunda moja moja, akisoma majina. Bafta zilikuwa zimeota ukungu, lakini mafundo yote yalikuwa mazima. Mama mmoja alilipokea la babake akalibusu, kisha akamtemea mate Maulid. Maulid akajifuta, akaendelea kuchimba.

Zilpah alikuwa wa mwisho wa safu. Yarrow akalichukua bunda lake akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya goli. Akafungua fundo kwa meno, akayamwaga pale, mvua ikayapiga yakashikana na matope. Nikamwambia, "Bwana Yarrow, kesho wanapachimba hapa!"

"Kesho si juu yangu," akajibu. "Mimi nilimuahidi goli."

Kisha akamgeukia Maulid. "Alitaka miguu ya watu. Alitaka vurugu juu yake. Kanyaga."

Maulid akarudi nyuma. Akainama, akaanza kuvua buti zake.

"Na buti," Yarrow akasema.

Nilitaka kumrukia mzee yule, wallahi. Lakini Maulid alimtazama, akafunga kamba upya. Akapita juu ya Zilpah, polepole, kutoka mlingoti mpaka mlingoti. Yarrow akamwangalia mpaka mwisho. Hakusema ahsante, hakusema yamekwisha. Akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Alasiri wakafungwa manne bila, wakashuka daraja, na mashabiki wakaimba vivyo hivyo. Kesho yake katapila likaingia. Maulid kazi hakurudishiwa, na Yarrow hata kile kidevu hatuinulii tena.

Zile buti ziko kibarazani, zimekaukiwa na matope. Juzi nilizichukua niziweke sinki nizisugue, maana zinanichafulia mlango. Maulid akazishika mkononi mwangu.

"Ziache, Mama Rehana," akasema. "Zina mtu."