Makasha Mepesi ya Albano

Makasha mengine ya mbao yakitua sakafuni hulalamika. Ya Albano yalitua kama mtu anayekaa mkekani msibani: taratibu, asije akamsukuma jirani. Filomena aliyajua kwa sikio. Akiwa ofisini, ameinamia karatasi zake, mgongo umeelekea dirishani, akasikia kasha limewekwa chini uani, husema bila kugeuka, "Hilo limekwisha," na Albano humjibu kutoka kibandani kwake, "Limekwisha, Karani."

Jina hilo la Karani alimpa mwaka tisini na tatu, Filomena alipofika kwenye ua ule wa Temeke na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha na viatu vya dada yake miguuni. Alikuwa msichana wa Tabata, wazazi wake watu wa Masasi. Albano alikuwa kijana wa Newala mwenye penseli nyuma ya sikio. Mwenye ua, baba yake Theonest, alinunua vinyago kwa wachongaji wa Mwenge na kuvisafirisha Ulaya kwa meli. Albano alivitengenezea makasha, Filomena aliandika kila kilichotoka. Siku ya kwanza Albano alimfundisha kutumia tepu ya kupimia.

"Usiivute kama unamvuta mbuzi," alimwambia. "Ilaze. Mbao itakwambia yenyewe."

Siku hizo ua ulikuwa mchanga mtupu. Mchana walikula pamoja ugali wa muhogo na kisamvu, maranda ya mbao yakiwaelea kwenye maji ya kunawa, redio ya betri ikining'inia kwenye msumari. Mwenye ua naye alikula nao, shati amelivua, na mwanawe Theonest, mtoto wa miaka minane, alilala ndani ya kasha lolote lililokuwa wazi. Filomena, sasa ana miaka hamsini na miwili, akikumbuka ujana wake hakumbuki sura yake kwenye kioo. Anakumbuka sauti ya randa.

Randa ya Albano haikuwa na haraka wala kuchoka. Alikondesha mbao mpaka zikabaki nusu inchi, akagusa kwa kidole gumba, akazikondesha tena. Newala ya utoto wake maji yalikuwa bondeni, na mama yake aliyapandisha mlimani kichwani, asubuhi na jioni. Albano alikua akiuona uzito kama adui wa ukoo. "Mtu abebe mzigo," alisema, "asibebe mbao." Na kasha lake tupu kweli lilinyanyuliwa kwa mkono mmoja. Wapagazi waliligombania.

Miaka ikapita. Mwenye ua akafariki, Theonest akakamata usukani. Filomena akawa mkaguzi wa ankara za usafirishaji, kazi aliyojifundisha mwenyewe. Kila mzigo aliuwekea karatasi tatu mezani: orodha ya Albano, stakabadhi ya ghala la bandarini na ankara ya wakala wa meli. Aliziita mashahidi. Akiongopa mmoja, wawili watamuumbua. Kwa njia hiyo alishawahi kukamata ada iliyotozwa mara mbili, na siku za ghala zilizohesabiwa kabla mzigo haujafika ghalani. Mawakala walimwogopa kidogo, na jambo hilo halikumuudhi.

Jumatatu moja mwaka huu Theonest aliingia ofisini kwake, akafunga mlango nyuma yake.

"Shikamoo, Mama Filo."

"Marahaba. Mlango unaufunga wa nini, na joto lote hili?"

Theonest akakaa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, kipara kimeanza kumtembelea, lakini alipotaka kusema jambo gumu bado alikuna kiwiko kama alipokuwa mtoto. "Nauli ya meli inakula faida yote. Mnunuzi wa Ujerumani anasema bei ikipanda tena anaacha. Kuna watu Kinondoni wanafunga mizigo kwa maboksi magumu ya karatasi. Wanakuja na boksi, wanafunga, wanaondoka. Nikiwachukua, kibanda cha Albano nakifunga mwisho wa mwezi."

"Umemuuliza Albano kama amechoka?"

"Ana miaka sitini na nne, mama. Nitampa haki yake yote."

"Sijauliza haki. Nimeuliza kama amechoka."

Theonest akakuna kiwiko. "Wewe ndiye mkaguzi. Nionyeshe nauli inavujia wapi, mie nizibe hapo hapo, na kibanda kitabaki. Lakini mpaka Ijumaa. Ijumaa jioni natoa jibu."

Albano hakuambiwa. Aliendelea kupiga randa, na Filomena akaanza kukagua kama mtu anayetafuta pete ya ndoa mchangani. Alitoa mafaili ya miaka mitatu. Aliona makosa madogo madogo, ya kuombea kurudishiwa hela ya chai, si ya kuokolea kibanda. Jumanne akampigia wakala, akadai kitu ambacho hakuwahi kukidai: badala ya ile ankara ya mstari mmoja, aletewe ukurasa unaoonyesha jinsi kila nauli ilivyopatikana.

Ukurasa ulipofika, aliusoma mara tatu. Mizigo ilitozwa kwa uzito au kwa nafasi inayokalia ndani ya kontena, kimojawapo kitakachozidi. Akaanza kupitia mzigo mmoja mmoja. Nafasi. Nafasi. Nafasi. Kwa miaka yote mitatu uzito haukutozwa hata mara moja.

Filomena alivua miwani. Kibandani randa ilikuwa inaenda na kurudi, ikipunguza uzito ambao hakuna aliyeutoza. Na yeye, mkaguzi anayeogopwa, siku zote alilinganisha kilo.

Jumatano akalinganisha vipimo. Orodha ya Albano ilisema kila kasha lina kimo cha sentimita themanini. Stakabadhi ya ghala ilisema tisini na tano. Kasha baada ya kasha, mzigo baada ya mzigo, sentimita kumi na tano za ziada. Mwizi kapatikana. Aliandika barua ya malalamiko kwa mkono wake, maneno makali yaliyovaa suti, na alipotoka jioni alimpungia Albano mkono kama msichana.

Asubuhi ya Alhamisi alikwenda na barua yake ghalani, karibu na bandari. Kasha moja la Albano, lililobaki kwa sababu ya karatasi pungufu, lilikuwa bado pale. Mpimaji aliitwa Sadallah, kijana mrefu mwenye kizibao cha njano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka unipimie hilo kasha, mie nikiona."

Sadallah alimtazama, akaitazama bahasha. "Mama, mie sina kasha ninalolipenda wala ninalolichukia. Pima wewe mwenyewe, nisije nikaambiwa Sadallah ana tepu ya mpira."

Filomena akailaza tepu, hakuivuta. Toka chini ya ubao wa sakafu ya kasha mpaka kwenye kifuniko: themanini. Akageuka na uso wa ushindi.

"Na miguu je?" Sadallah akauliza.

"Miguu gani?"

"Hiyo linayosimamia, mama. Au kwenye meli inaachwa nje?"

Filomena alishusha tepu mpaka sakafuni. Tisini na tano.

Ile miguu. Vipande vinne vya mbao, kila pembe kimoja, kimo cha kiganja na vidole. Aliiona kila siku mpaka macho yake yakaacha kuiona. Na alikuwepo ilipozaliwa. Ulikuwa mwaka wa mvua kubwa, maji yakaingia uani usiku, asubuhi wakakuta mzigo mzima umelowa, vinyago vimepasuka, na mwenye ua amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Wiki iliyofuata Albano alipigilia miguu kwenye kasha la kwanza. "Maji yakija," alisema, "yapite chini." Baadaye ua ukapandishwa kifusi, ukamwagwa zege, ukachimbiwa mfereji. Maji hayakurudi tena. Miguu ikabaki, na Albano, aliyepima kasha kabla ya kulivisha miguu, aliendelea kuandika themanini kwa moyo safi.

"Miguu hii ghalani inawasaidia?" Filomena aliuliza, sauti imepungua.

"Sie tuna paleti zetu za mbao za kuwekea mizigo. Hiyo inatukwaza tu. Nikadhani ndo urembo wenu watu wa vinyago."

Alirudi Temeke na barua kwenye mkoba. Njiani wazo baya lilimjia, likakaa naye kiti kimoja. Angeweza kuipeleka tu. Malalamiko huchukua miezi, Theonest angesubiri, kibanda kingepata pumzi. Lakini mtu aliyeishi kwa kuwaumbua mashahidi waongo angekuwa shahidi gani? Aliposhuka aliichana, akaenda kibandani moja kwa moja.

Albano alikuwa anapanga vinyago vya mzigo wa kesho: arobaini, makasha sita. Filomena akakaa juu ya rundo la mbao, akamwambia yote. Kibanda, Ijumaa, nafasi, miguu. Hakuficha hata lile la uzito.

Albano akaiweka randa chini, akaifuta maranda mdomoni kama mtu anayemfuta mtoto.

"Kwa hiyo tumelipia hewa," alisema.

"Tumelipia hewa. Mie nilikuwa nakagua kilo, kaka Albano. Kosa ni letu wawili."

"Usinigawie kosa langu kwa upole, Karani. Nitalibeba. Na huyu Theo, niliyemnyoa nywele siku yake ya kwanza ya shule, ameshindwa kuja kuniambia?"

"Ameshindwa. Alikuwa anakuna kiwiko."

Albano akacheka kidogo bila kutaka. Kisha akainama ndani ya kasha lililokuwa wazi. Vinyago vilisimama wima, vichwa juu, kila kimoja na chumba chake cha maranda. Vichwani na mabegani vilikuwa vipana, miguuni vimebana. Alivitazama kwa muda mrefu.

"Kwenu Tabata, kitanda kimoja mlilalaga wangapi?"

"Wanne. Wakija wageni wa Masasi, watano."

"Mlilalaje?"

"Mzungu wa nne. Huyu kichwa huku, yule kichwa kule. Miguu ya binamu yangu naijua kuliko uso wake."

"Sasa hawa wakubwa," Albano alisema, akikitoa kinyago cha kwanza, "nani aliwaambia wako hotelini?"

Walifanya kazi mpaka jua likaondoka ukutani. Kinyago kimoja kikalazwa kichwa mashariki, cha pili kichwa magharibi, bega la huyu likaingia kwenye kiuno cha yule, na katikati vitambaa na maranda yaliyoshindiliwa. Filomena alishika, Albano akapanga. Walipogongomea kifuniko cha kwanza walilipindua kasha upande, wakalitikisa, wakatega masikio. Halikusema kitu. Makasha sita yakawa manne. Kisha Albano akachukua msumeno, na asubuhi ya Ijumaa akakata miguu kumi na sita, mmoja mmoja, hakutaka kusaidiwa.

Theonest alikwenda nao ghalani. Sadallah akapima, akaita vipimo kwa sauti, na Filomena akaandika ingawa hakuombwa. Nafasi ilikuwa imepungua karibu nusu. Theonest alisoma stakabadhi, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna mengine, akaisoma tena.

"Kibanda kinabaki," alisema. Kisha akamgeukia Albano, na mkono ukaenda kwenye kiwiko. "Baba Albano, nilipaswa nije kwako kwanza."

"Ulipaswa," Albano alisema. "Nunua chai."

Theonest akaenda kutafuta chai. Albano akakaa juu ya paleti, akayatazama makasha yake manne, mafupi, yamelala moja kwa moja sakafuni. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

"Miaka thelathini na zaidi," alisema. "Nakondesha mbao. Mabega yote haya yameishia kwenye randa, kutafuta wepesi ambao hakuna aliyeuomba."

Pembeni palikuwa na kasha la watu wengine, fundi mwingine, mbao nene za inchi nzima. Filomena alitoa tepu, akapima unene wa ubao wake, akapima wa Albano, akapiga hesabu pembezoni mwa daftari.

"Ubao wako mwembamba umeokoa nusu inchi kila upande," alisema. "Kulia na kushoto, mbele na nyuma, chini na juu. Ungetumia mbao za huyu, kila kasha lingekula nafasi zaidi, na nauli ingepanda kila safari, tangu mwaka ule nilipokuja. Hukujua tu unaokoa nini."

"Unanibembeleza."

"Mie mkaguzi. Sibembelezi mtu."

Albano akanyoosha mkono, akaichukua tepu. Akaenda kwenye kasha la watu, akailaza juu ya ubao, akainamisha kichwa kusoma. Akarudi kwenye kasha lake, akapima. Kisha akarudi tena kule, taratibu, penseli nyuma ya sikio, na Filomena akasogea amwachie mwanga.