Usimwambie Nyamu

Mlango wa studio nilikuwa nimeufunga kwa ndani. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kikombe cha chai. Na kwenye kompyuta, nikiangalia kwa macho yangu haya, faili jipya likajitokeza lenyewe.

Jina lake: "kuna mtu hapo".

Naitwa Gatwiri. Nilisomea chuo kule Nchiru, kisha nikahamia mji wa Runyenjes kufungua studio ya picha na video na mwenzangu, Ngari. Tuko chini kabisa kwenye jengo la ghorofa karibu na soko.

Sasa, kompyuta ya ofisi ni Windows. Laptop ya Ngari ni Mac. Hizo mbili zilikuwa kama wake wenza: wanaonana, lakini hawasalimiani.

Mac iliona jina la Windows kwenye waifai ya jengo vizuri tu. Ukibonyeza folda yetu ya picha za harusi iliyo kwenye Windows, inaitisha password. Ukiweka, inakataa. Tukazima, tukawasha. Tukabadilisha majina ya kompyuta. Wapi!

Ndipo tukamwita Nyamu.

Nyamu aliishi ghorofa ya tatu, na ndiye aliyeweka waifai ya jengo zima. Mtu mpole, mtu wa kanisa. Redio yake ya nyimbo za injili ilivuma kutwa nzima, hata akiwa ametoka. Alituambia mkewe yuko Qatar kikazi, na sisi tulimhurumia kwa upweke ule.

"Mnajisumbua na password ya nini?" akacheka. Akabofya hapa, akabofya pale. "Nimeiondoa. Sasa kila mtu kwenye waifai anaweza kufungua na kuandika. Si ni sisi majirani tu?"

Kweli, Mac ikafungua. Picha zikapita kama maji. Tukamshukuru sana.

Kesho yake ndiyo hiyo niliyokuwa na kikombe mkononi.

Nikampigia Ngari. "Wewe, unanichezea na hiyo Mac yako?"

"Mac iko kwa begi. Niko kanisani huku Embu, bibi harusi ndiye anaingia. Kwani kuna nini?"

Kabla sijamjibu, likatokea lingine kwenye folda ile ile ya harusi: "tafadhali soma".

Manze, niliogopa. Nikafikiria wezi wa mtandao. Nikafikiria mapepo. Nikamkatia Ngari na kumpigia mtu wa pekee niliyejua angenisaidia, nikamweleza kwamba faili limejitokeza lenyewe.

"Usiguse kitu," Nyamu akasema. "Niko hapa sokoni. Nakuja."

Nikashusha simu. Faili la tatu likawa linaningoja.

"usimwambie nyamu".

Nikafungua lile la pili.

"Naitwa Wanjira, mke wa Nyamu. Sikuenda Qatar. Niko huku juu, amenifungia kwa kufuli. Simu yangu anayo yeye. Redio ni ya kuficha sauti yangu. Mpigieni mama yangu, yuko Karurumo." Chini yake, namba ya simu.

Nikaipiga skrini picha. Papo hapo mlango ukagongwa.

"Gatwiri! Fungua."

Nikazima swichi ya ukutani, chini ya meza. Skrini ikawa nyeusi. Nikafungua.

"Imezima yenyewe," nikasema. "Nafikiri stima imepotea."

Nyamu akatega sikio. Kwa kinyozi, mlango wa pili, mashine ilikuwa inanguruma na muziki unacheza. Akanitazama. Akainama chini ya meza.

"Si swichi imezimwa hapa?"

"Aki, basi niliigonga na mguu."

Akaiwasha. Kompyuta ikaanza kuamka polepole, na mimi nikaomba Mungu aiue. Ikaitisha password ya kuingia.

"Weka."

"Ngari aliibadilisha. Aliniachia ikiwa wazi, siijui."

"Hilo faili lilikuwa limeandikwa nini?"

"'Kuna mtu hapo.' Basi. Pengine ni vijana wa kinyozi wanacheza."

Aliinua macho taratibu, akatazama dari.

"Sawa," akasema, akatoka.

Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi. Vinapanda.

Nikapiga ile namba. "Mama, samahani. Wewe ni mama yake Wanjira?"

"Ndiyo, mwanangu. Lakini Wanjira yuko Qatar. Kila Jumapili ananiandikia meseji."

"Umewahi kusikia sauti yake tangu aende?"

"Huniambia mtandao ni mbaya," akasema kwa sauti ndogo. Halafu, "Ngai! Mtoto wangu ako wapi?"

"Ako hapa Runyenjes, mama. Amefungiwa. Njoo na polisi."

Nikamwelekeza jengo. Lakini kutoka Karurumo hadi kwetu si kuvuka barabara, na Nyamu alikuwa tayari juu. Nikakimbilia kwa kinyozi. Kaburu alikuwa ananyoa mtu.

"Kaburu, twende juu. Nyamu ataua mtu!"

Aliniangalia usoni mara moja tu, akaweka mashine chini. Hata mteja alitufuata na povu kidevuni.

Ghorofa ya tatu redio ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Kuta zilitetemeka. Kaburu akapiga mlango kwa ngumi mpaka Nyamu akaufungua kidogo, anatokwa na jasho, anatabasamu.

"Kuna nini, majirani?"

"Wanjira!" nikaita. Redio ikameza jina lote.

"Mke wangu yuko Qatar, Gatwiri. Wewe unajua."

Mita za stima zilikuwa pale pale kwenye korido. Sikufikiria. Nikazishusha swichi zote, zake na za majirani.

Redio ikakatika.

Na kutoka chumba cha ndani, sauti iliyokauka: "Niko hapa! Msiende!"

Nyamu akajaribu kufunga. Kaburu alikuwa tayari ameweka bega. Walimkalia chini mpaka polisi wakafika na mama mtu, aliyeshuka kwa boda akiwa na kiatu kimoja. Kufuli lilipovunjwa, alimkumbatia bintiye muda mrefu, akimpapasa mikono kama anayehesabu vidole vya mtoto mchanga.

Nilimuuliza Wanjira baadaye aliwezaje.

"Laptop yangu ya chuo aliniachia nitazame filamu," akasema. "Intaneti aliikata, lakini laptop ilibaki imeunganishwa na waifai ya jengo. Kila siku niliona folda yenu, na kila siku iliitisha password. Halafu siku ile nikabonyeza tu kwa mazoea. Ikafunguka."

"Ni Nyamu aliyeiondoa," nikamwambia.

Alinitazama, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio.

Folda yetu sasa ina password, na Ngari aliambiwa avumilie. Lakini somo nililolipata si la kompyuta. Mwaka mzima mama alisoma maneno ya mwanawe yaliyoandikwa na aliyemfungia. Kama una mtu wako mbali, na kila siku ni meseji tu, usiridhike. Mwambie apige. Akikwambia mtandao ni mbaya, funga safari uende ukamwone.

Meseji yeyote anaweza kuiandika.