Mfuniko wa Kahambu

Mpiga picha wa mtaa wa Birere hapigi picha ya chombo kabla hajakipuliza vumbi na kukisalimia, "Jambo, muzuri wangu." Leo vidole vyake vilivyobabuka kwa balbu vinauzungusha mfuniko wa Kahambu, ambaye alipokimbia vita aliubeba huo tu, akasahau sufuria yake jikoni. Anafunika tochi kwa kitambaa cheupe, mwanga ulainike. Mara anachomoka mlangoni, anarudi mbio na sufuria ya jirani, anaiweka mbali nyuma. "Usitikisike, mama!" anamwambia Kahambu anayeushikilia mfuniko. Picha inatokea: mfuniko unang'aa kama chombo cha misa, na nyuma yake, katika ukungu, sufuria imebaki kivuli kinene tu. Kahambu anaruka, anapiga vigelegele.

"Papa! Ile ni sufuria yangu kabisa!"

"Ni yenyewe, mama," anajibu, akiisukuma ya jirani chini ya meza kwa mguu.