Sketi ya Zamu Mbili

Juzi nilipita mtaa wa Soweto, hapa mjini kwetu, wasichana wakitoka shule, wote na sketi za bluu, nikasimama kama niliyesahau njia.

Mimi na dada Anna tulikuwa na sketi moja ya shule. Mimi nilisoma asubuhi, yeye mchana. Tulikutana nyuma ya uzio wa masale, kando ya mfereji, nikampa sketi, akanipa kanga yake. Maua ya kahawa yalinukia, maji yakipita polepole. Nilidhani kila nyumba ina sketi moja, ndivyo shule inavyotaka.

Mchana mmoja mvua ilinikuta njiani. Dada alikuwa na mtihani, na asiye na sare alirudishwa nyumbani. Aliikamua sketi, akaivaa. Mama mmoja akapita na majani ya ng'ombe kichwani.

"Nyie mnafua au mnakwenda shule?"

"Shikamoo mama. Vyote viwili," dada akajibu.

"Marahaba. Haya, msichelewe."

Nilimuuliza dada kama anasikia baridi. "Hapana," alisema, "umeniachia joto." Nikamwamini, nikajiona wa maana sana.

Watu wanabishana kama sare ilazimishwe. Mimi sikusoma sana, labda nakosea. Kwenye sare, dada hakuonekana maskini kuliko wenzake. Bila sare, asingefanya mtihani. Yote mawili ni kweli.

Siku ile ya mvua nilimfuata dada mpaka kwenye uzio wa shule. Mwalimu alisimama mlangoni mwa darasa, akamtazama. Matone ya sketi yalidondoka sakafuni. Mwalimu aliangalia rangi ya sketi, akampisha.